Upande wa Nyuma wa Shuka

Nilistaafu mwezi uliopita, na vijana wa ukumbi wa video pale Rugenge wameniomba niwaandikie kidogo jinsi kazi ilivyokuwa zamani. Nadhani walitegemea ukurasa mmoja. Mimi nimekaa nyuma ya mashine ya sinema karibu maisha yangu yote ya kazi bila mtu kuniuliza neno, kwa hiyo watanivumilia.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba mtu wa mashine haonekani. Watu wote wanakupa migongo. Nilipoanza, miaka ile ya hamsini, hata jina sikuwa nalo. Picha ikienda vizuri, hakuna anayekumbuka kwamba upo. Ikikatika, kijiji kizima kinageuka na kupiga kelele: "Mashini! Weye Mashini!" Siku moja nilipita sokoni Sange, mchana kweupe, nikasikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Ule njo Mashini," yaani yule ndiye Mashini, nami nikaitikia. Wazazi wangu walinibatiza Kashindi, lakini hilo lilikuwa linajulikana nyumbani tu.

Sikuanza na sinema. Nilikuwa seremala katika karakana ya misheni hapa Uvira. Siku moja padri wetu, Mbelgiji mwenye ndevu nyingi na haraka nyingi zaidi, aliniagiza nitengeneze nguzo mbili ndefu za mkaratusi za kufungia shuka. Nilifikiri ni za kuanikia nguo, nikajiuliza ni shuka gani hilo linalotaka kuanikwa juu ya mapaa ya nyumba. Nikazipiga randa vizuri, nikazipeleka. Huko nikamkuta Fundi Yoakimu, mtu mfupi wa makamo aliyetoka Usumbura, Bujumbura ya leo, amechuchumaa mbele ya sanduku la chuma akilipuliza vumbi kwa mdomo. Hakunisalimu. Alitazama mikono yangu.

"Hizi nguzo ziko nzito kama dhambi," akasema. "Lakini mikono yako iko inatulia. Kaa hapa."

Nikakaa. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya kuajiriwa.

Fundi Yoakimu alifundisha kwa kunyamaza na kwa kukupiga kofi la vidole. Alikuwa na masharti machache tu, lakini hayo aliyashika kama amri za Mungu. La kwanza lilihusu taa ya ndani ya mashine, ile tuliyoiita ampuli. "Ampuli ni mama mukwe," alisema. "Usiiguse, usiikaribie, usiitazame usoni." Ukiigusa kwa kidole chenye mafuta, hata ikiwa baridi, siku ya pili inapasuka, na nyingine inatoka Ulaya kwa meli. La pili lilihusu mikono. Mkono wa kuume unakaa kwenye swichi ya taa tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mkanda ukikwama hata kidogo, taa inautoboa kwa moto kabla hujasema Yesu. Kazi nyingine zote, yaani kupitisha mkanda kwenye meno ya mashine, kuulegeza, kuuongoza kwenye bobini, lile gurudumu la kuuviringishia, ni za mkono wa kushoto. Nilijifunza kwa majuma mengi, nikiwa nimefungwa mkono wa kuume kwa kamba kwenye mguu wa meza. La tatu: mbele ya watu, mkanda hauendi nyuma. Ukishapita umepita. "Ukirudisha mara moja," alisema Fundi, "batakuomba urudishe mpaka asubuhi, na weye utakufa na njaa hapo."

Alipoanza kuona ukungu machoni alirudi kwao Usumbura, akaniachia mashine, bisibisi mbili na chupa ya gundi ya kuungia mkanda uliokatika. Tangu siku hiyo nilikuwa peke yangu na katekista Damiani.

Damiani alikuwa mdomo wa sinema. Mikanda yetu ilikuwa ya kimya, na ilitoka nchi ambazo hakuna mtu wa bonde la Ruzizi aliyewahi kuzisikia, kwa hiyo lazima mtu asimame karibu na shuka, pale picha inapoangukia, na kueleza. Damiani hakuwahi kukubali kwamba kuna jambo asilolijua. Mzungu akionekana anakamua ng'ombe, Damiani alimpa jina, ukoo, na ugomvi na shemeji yake. Siku moja tulionyesha mkanda wa kufundisha namna ya kupanda viazi, na watu wa Sange wakaondoka wakilia, kwa sababu Damiani alikuwa amemwua yule mkulima katikati na kumweka ndugu yake amalizie shamba. Mimi nilitulia kwenye mashine yangu. Kueleza haikuwa kazi yangu.

Tulisafiri kwa kamyonete ya misheni, sisi wawili, dereva, mashine, moteri ya umeme na zile nguzo zangu nzito kama dhambi. Uvira, Runingu, Sange, na kurudi. Tulifika alasiri, tukachimba mashimo, tukafunga shuka, na giza likiingia tu tunaanza, maana watu wa bonde wanawahi shambani.

Sasa niwaeleze watu walikaaje, kwa sababu bila hilo hamtaelewa taabu yangu. Vijana na watoto walikaa mbele ya shuka, upande wa mashine, katika kelele na moshi wa moteri. Watu wazima walipeleka viti vyao upande wa pili, nyuma ya shuka. Walisema mtu wa heshima haketi huku mwanga unampiga kisogoni na mtu asiyemjua yuko mgongoni pake. Isitoshe, huko nyuma kulikuwa na upepo wa ziwa. Na picha ilionekana vizuri tu, shuka lilikuwa jepesi. Mimi sikuwahi kwenda kutazama huko. Mtu wa mashine haachi mashine.

Hapo Runingu ndipo nilipompenda Nabintu. Alikuwa anakuja mapema kabla ya wengine, anauliza maswali ya maana. "Ule muntu mu picha, akitoka pembeni ya shuka, anaenda wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikwenda Uvira nikalifikiria wiki nzima, nikarudi bado sina jibu, lakini nikiwa na nia ya kuoa. Wazee wangu wakamtuma Damiani awe mshenga, kwa kuwa mdomo tayari alikuwa nao. Pombe yetu ilipokelewa. Baba yake Nabintu, mzee Kabika, mtu wa maneno machache, alisema "Eeh." Mama yake, ambaye ndiye aliyekuwa na maneno, alisema watatazama.

Tangu siku hiyo mama huyo akawa mkwe wangu mtarajiwa, na kwetu mkwe wa namna hiyo humtazami wala hakutazami. Akikuona njiani anaingia kwenye mihogo. Ukimwona wewe kwanza, unaingia wewe. Mara nyingine tuliingia sote, kila mtu upande wake, na njia ikabaki tupu. Kwa hiyo kwenye sinema alikuwa na sababu mbili za kukaa nyuma ya shuka: heshima yake na mimi.

Wakati huohuo padri alikuwa amepata kamera ndogo ya kuzungusha kwa ufunguo. Siku ya sikukuu ya parokia alipiga picha kila kitu: maandamano, kwaya, karamu. Kamera akampa mwenzake kidogo ili naye aonekane akibariki watu. Mimi alinikuta nimekaa na maseremala wenzangu tunakula bugali na ndagala, yaani ugali na dagaa. Akanikaribia kabisa. Nilijua ni kamera, kwa hiyo nilikula kwa adabu kubwa, tonge dogo dogo, kama mtu anayepimwa. Mkanda ulipelekwa Ulaya kusafishwa, ukarudi baada ya miezi mingi ndani ya kopo la bati. Nilipouona kwa mara ya kwanza nilijiambia kwamba hapo ndipo Runingu watakapojua mimi ni nani.

Nikaupeleka Runingu. Watu walipomwona Mashini mwenyewe yuko ndani ya shuka anakula, walipiga vigelegele mpaka moteri haikusikika. Nilifunga vyombo kwa furaha. Asubuhi Damiani alitoka kwa mzee Kabika amebeba kofia mkononi.

"Mama amekataa," akasema.

"Amekataa nini?"

"Weye. Anasema, 'Binti yangu hataolewa na muntu anakula na mukono ya kushoto.' Anasema ameona na macho yake, na bamama bote ba nyuma bameona. Unachovya bugali na kushoto, unatia mu kinywa na kushoto, na unacheka."

Nilimwambia Damiani nimekula kwa mkono wa kuume tangu niache ziwa la mama. Alikubali. Vijana wote waliokaa mbele waliniona nikila kwa kuume, Nabintu mwenyewe aliona. Lakini mama alisema hao ni watoto, wanacheka tu, hawatazami. Na Damiani ni mshenga, kazi yake ni kunisifu.

Ilinichukua siku nzima kuelewa, na mimi nikiwa fundi. Nilikuwa nimeshika barua karibu na dirisha, nikaigeuza juani, nikaona maandishi kwa upande wa nyuma yakienda kinyume. Nikakaa chini. Shuka letu lilikuwa ile karatasi. Miaka yote hiyo wazee wa bonde zima walikuwa wanaangalia ulimwengu uliogeuzwa. Hawakuwahi kulalamika, kwa sababu katika mikanda yetu walikuwamo wazungu tu, na kwamba wazungu wote ni wa kushoto halikuwa jambo la kumshangaza mtu.

Nikamtuma Damiani arudi na maelezo. Alieleza kwa bidii, na karatasi mkononi. Jibu la mama nililihifadhi kichwani mpaka leo: "Shuka? Minye nafua mashuka tangu utoto. Hakuna shuka imewahi kugeuza muntu."

"Na Padri?" Damiani akauliza. "Mama, mu ile picha hata Padri anabariki na kushoto. Juu ya nini? Kila siku ya Mungu unamuona anabariki na kuume."

"Mu kanisa anajikaza," mama akasema.

Mzee Kabika, ambaye nafikiri alianza kunihurumia, alisema afadhali aje anitazame mwenyewe kazini. Alikuja tulipokuwa Sange, kwa miguu, akasimama pembeni ya mashine, mikono nyuma. Mimi nilitaka kumwonyesha mtu makini. Nikashika swichi kwa kuume kama Fundi alivyonifundisha. Nikapitisha mkanda kwa kushoto. Nikaulegeza kwa kushoto. Ulipokwama nikaukwamua kwa kushoto, kwa ustadi mkubwa, sijapata kufanya kazi safi kama siku ile. Nilipogeuka, mzee alikuwa anatazama mkono wangu kama mtu anayetazama nyoka ndani ya kikapu.

"Minye nimeona," akasema kwa huzuni, akaenda zake.

Nawaambia ukweli, vijana: siku zile sikulala vizuri. Nilimpenda yule msichana, na nilikuwa nampoteza kwa sababu ya tonge la bugali. Hatimaye mama akatoa neno la mwisho. Watu wanasema hivi na hivi, alisema, basi yeye hatasikiliza watu tena. Siku sinema ikirudi Runingu atakaa palepale alipokaa, ataangalia mkanda uleule. Mashine yenyewe iseme. Ikisema kushoto tena, pombe ya kwetu inarudishwa, na Nabintu ataolewa kwingine.

Kumhamishia upande wa mbele kulikuwa hakuwezekani, mimi niko mbele. Kuniondoa mimi kwenye mashine kulikuwa hakuwezekani pia, hakuna mwingine aliyejua kuiendesha. Nikaukumbuka mkanda wenyewe. Mikanda ya kimya ina matundu pande zote mbili, si kama ile ya sauti iliyokuja baadaye. Maana yake unaweza kuupindua, uso wa ndani ukawa wa nje, na mashine ikaumeza bila kujua. Nikajifungia karakanani, nikaupindua, nikaujaribu kwenye ukuta. Nikajiona nakula kwa kushoto. Nilifurahi kupita kiasi. Kwa nyuma ya shuka ingekuwa kuume.

Sikumwambia mtu. Hilo lilikuwa kosa langu, maana jioni tuliporudi Runingu, shuka limeshafungwa na watu wamekaa, pikipiki ya padri ikafika. Hakutangaza kwamba anakuja. Alitaka kuona jinsi waumini wanavyoipokea picha yake. Akaomba kiti, akakiweka mbele kabisa, katikati ya watoto, upande wangu.

Ningeweza kusema mkanda umeharibika. Nilifikiria. Kisha nikamwona Nabintu karibu na nguzo, ameshika kwa meno ncha ya kikwembe chake, kitenge alichojitanda, nikawasha taa.

Maandamano yalipita salama. Kwaya ikapita. Kisha akatokea padri, mkubwa kama nyumba, akainua mkono wa kushoto na kuwabariki watu wa Runingu. Bibi mmoja mchamungu aliyekaa mbele na wajukuu wake alisitasita, kisha akaona afuate mkubwa wake, akafanya ishara ya msalaba kwa kushoto. Watoto wakamwiga. Padri aliyekuwa kwenye kiti akasimama.

"Damiani! Minye nabariki na mukono gani?"

Damiani, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, hakuwa na maelezo.

"Na kushoto, Padri!" watoto wakamjibu kwa pamoja.

"Na kuume!" wazee wakafoka kutoka nyuma ya shuka. "Leo amejirudi! Anabariki na kuume!"

"Kushoto!"

"Kuume! Nyie batoto hamuna macho!"

Padri akageuka kunitazama, na sijawahi kutazamwa namna ile. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba nikimaliza hapo nirudi kwenye randa na misumari. Lakini kelele za nyuma zilimvuta, akaenda kuzunguka nguzo ili aone wazee wanaona nini. Ndivyo ilivyotokea kwamba nilipofika kwenye karamu, padri alikuwa amesimama huko nyuma katikati ya akina mama, nami nikatokea kwenye shuka na sahani yangu. Nikachukua tonge dogo. Nikalichovya kwa adabu.

Kelele zikakatika huko nyuma. Mbele watoto walipiga kelele, "Mashini anakula na kushoto!" Kisha nikaona kitu kinazunguka ile nguzo ya pili. Kilikuwa kikwembe kitupu kinachotembea, kimefunika kichwa, uso na mabega, na ndani yake mtu anajikwaa. Kikafika mbele. Kikajigeuza kwa heshima ili mgongo uwe kwangu. Kikafunguka kidogo upande wa shuka, kikatazama. Kikajifunga. Kikarudi nyuma mbio. Baada ya muda mfupi kikatokea tena, kikatazama, kikarudi. Mimi katika picha niliendelea kula tu.

Nilisikia padri akiuliza kitu huko nyuma, nikasikia sauti ya Damiani ikieleza, safari hii bila kumwua mtu yeyote: mkwe, shuka, mkono, pombe. Halafu kitu ambacho sikukitegemea, kicheko cha padri, kikubwa, kile cha kushika nguzo. Shuka lote likatikisika nami ndani yake.

Karamu ikapita. Wakaanza kuonekana mbuzi wa parokia. Watu wakatulia kuwatazama, na mimi nikabaki na mkono wa kuume kwenye swichi na wa kushoto kwenye mkanda, sijui kama nina kazi wala kama nina mke.

Ndipo ikaja sauti ya mwanamke kutoka nyuma ya shuka. Sikuwahi kuisikia, kwa sababu haikuwahi kusema nami. Haikuita Mashini.

"Mukwe," ilisema. "Weye mukwe wangu. Rudisha pale unakula."

Nilimtazama Nabintu. Alikuwa ameachia kile kikwembe mdomoni, anacheka na kulia. Nikamwomba Fundi Yoakimu msamaha kimoyomoyo huko aliko Usumbura, nikazima taa, na mbele ya kijiji kizima nikaurudisha mkanda nyuma.

Alisema kweli Fundi. Waliniomba niurudishe tena, na tena, wa mbele wakitaka kuona kushoto na wa nyuma kuume, na padri akitaka kuliko wote. Kazi yangu sikuipoteza. Mkanda huo ninao mpaka leo, ndani ya kopo lake la bati, na nitauleta Rugenge siku mtakaponiita. Umechubuka mahali pamoja tu, pale kwenye bugali. Nabintu atakuja nami. Yeye hupenda kukaa nyuma, alipokaa mama yake, kwa hiyo ukuta wenu hautatufaa, leteni shuka.